Likaja, Akaja

Jumanne

Mtu anayeishi kwa kutafuta makosa hawezi kuwa mtu wa kupendeza, na mimi sikatai. Nimekuwa msahihishaji wa vitabu kwa miaka ishirini na mbili. Katika muda huo nimeshuku nukta, nimeshuku mkato, nimeshuku hata majina ya maharusi kwenye kadi za mwaliko. Kwa hiyo Jumanne ile, Bwana Shemweta aliponikaribisha chai katika ofisi ya darajani, jambo la kwanza nililofanya ni kujiuliza anataka nini.

"Likaja," alinisalimu.

"Akaja," nilimjibu, kama kila mtu anavyojibu siku hizi, hata wanaogombana sokoni.

Tulikuwa wasahihishaji wawili. Mimi wa Uvukeni, huku juu kwenye mitambo ya mvuke. Yeye wa Magadini, kule chini kwenye nyanda za magadi. Kati yetu palikuwa na daraja, walinzi wa pande mbili, na vita vya miaka kumi na mmoja vilivyokoma miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya riwaya. Najua jambo hilo linavyosikika. Ningelikuta sentensi hiyo katika muswada wa mtu, ningeizungushia duara jekundu na kuandika pembeni: thibitisha.

Riwaya yenyewe inaitwa Vizazi Vitano. Ina kurasa elfu moja na mia mbili, koo mbili, kisima kimoja, na mtunzi ambaye jina lake halikuandikwa popote. Idara ya Usomaji wa Pamoja iliigawa kwa kila nyumba, pande zote mbili, katika mwaka wa mwisho wa vita. Ilichapwa kwenye karatasi hai, ile inayokuza herufi kwa mwenye macho mabovu na kumsubiri asomaye polepole. Watu waliisoma kwenye mahandaki kwa kukosa la kufanya. Baada ya wiki chache wakaanza kuulizana kwa redio, adui kwa adui: umefika kisimani? Nimefika. Ulilia? Nililia. Na wewe? Na mimi. Mtu huwezi kumlenga vizuri mtu uliyemsikia akipenga kamasi.

Kisima hicho kiko ukurasa wa 811. Wakati wa vita sisi tuliwaita wao majitu, nao walituita hivyo hivyo, na lugha ilifuata mkondo. "Yanakuja," mlinzi alisema. "Moja limeanguka." Kitabu nacho kilisema hivyo kwa kurasa mia nane, mpaka mlinzi mmoja kijana, asubuhi ya baada ya mauaji kisimani, akaona kitu kwenye moshi na kuinua bunduki. Jitu lilitoka ndani ya moshi, likaja, likaja, akaja. Mlinzi akashusha bunduki.

Mimi ndiye niliyesahihisha toleo la kwanza la Uvukeni. Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliizungushia duara na kuandika: upatanisho mbaya, isomeke "likaja" mara tatu. Idara ilinirudishia ukurasa na neno moja: acha. Tangu siku hiyo watu wazima kwa watoto wanaitaja, na wanasheria wameigeuza kuwa ibara ya kwanza ya mkataba: kila binadamu wa bonde hili atatajwa, atalindwa na atahukumiwa kama mtu. Kutoka hapo zimefuata ibara za visima kuwa vya wote na za wakimbizi kurudi kwao. Haya yote yametoka kwenye kosa la sarufi nililotaka kulifuta, na ninakiri kwamba jambo hilo lilinipunguzia ujuvi kwa kama miezi miwili.

Mkataba ungesainiwa Ijumaa. Utangulizi wake ulianza, "Sisi tuliosoma kitabu kimoja," na kwa kuwa wanasheria nao ni watu wa kushuku, walidai hati ya kuthibitisha kwamba ni kimoja kweli. Ndiyo kazi iliyotuleta darajani. Kila mmoja alikagua nakala ya kwao katika chumba chake, tukalinganisha idadi ya kurasa na majina ya sura kwenye orodha, na ifikapo Alhamisi saa sita mchana tungeweka sahihi. Vitabu vyenyewe havikuruhusiwa kuvuka daraja. Walisema kuna ukungu unaoshambulia karatasi hai na unaenea kwa kugusana. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu aliyeuona ukungu huo, lakini nilimeza mashaka yangu kwa sababu niliitaka amani kuliko nilivyotaka kuwa sahihi.

Bwana Shemweta alipuliza chai yake. Ni mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio la kushoto.

"Bi Wakesho," alisema, "huko kwenu, kwa ajili ya Ijumaa, watu wanaandaa nini?"

"Wanaandaa sherehe. Wewe ulidhani nini?"

"Nauliza wanabeba nini mkononi."

Kabla ya vita, watu wa bonde zima walikuwa na desturi ya kunyweshana. Mkosaji huja na gudulia la maji, aliyekosewa huja na kikombe. Mkosaji humimina, hutaja kosa lake, na mwenzake akinywa, basi yamekwisha. Ijumaa desturi hiyo ingerudishwa, darajani, watu elfu nne kwa elfu nne.

"Vikombe," nilisema. "Mama yangu amekisugua chake tangu wiki iliyopita. Kila nyumba ina kikombe kipya."

Mzee hakunywa chai yake. Aliiweka chini.

"Na magudulia?"

Nilifikiri. Nilipita kichwani mwangu nyumba zote za mtaa wetu, moja baada ya nyingine. "Sijaona gudulia. Hayo si ndiyo mtakuja nayo ninyi?"

"Sisi nasi tumeandaa vikombe," alisema Bwana Shemweta.

Jumatano

Bwana Shemweta alikileta kitabu chao kwenye kapu la chakula, chini ya viazi vitamu. Usiku kucha nilikuwa nimejiambia kwamba huu ni mtego, kwamba Magadini wanataka mimi nivunje sheria ya ukungu ili wapate sababu ya kukataa mkataba. Kilichonifanya nifunge mlango na kukaa naye ni vile vikombe. Watu elfu nane wakisimama uso kwa uso, kila mmoja amenyoosha kikombe kitupu na kumsubiri mwenzake amimine, wataanza kwa kushangaa. Halafu watatukanana. Na walinzi wa pande zote mbili watakuwa nyuma yao na bunduki zao.

Tulifanya kama walivyofanya wasahihishaji wa zamani, kusomeana. Mmoja husoma kwa sauti, mwingine hufuata kwenye nakala yake kwa rula, na palipo na tofauti humsimamisha. Mimi natumia rula ya mbao. Sipendi kuweka vidole kwenye ukurasa; marehemu mwalimu wangu alisema kidole huficha kosa. Bwana Shemweta naye ana rula yake. Tulifungua ukurasa wa 811 na akaanza.

"'Watu wa Magadini walikuwa wamekaa kuzunguka kisima chao...'"

"Simama," nilisema. "Watu wa Uvukeni."

"Hapa ni Magadini."

"Bwana Shemweta, soma kilichoandikwa."

"Ndicho ninachosoma, bibi wee. Mimi si mtoto."

Akaendelea. Kila sentensi ilikuwa ileile, mpangilio uleule, moshi uleule, isipokuwa pale palipokuwa na sisi pakawa na wao. Kwangu, majitu ya Magadini yalivamia kisima na kuua watu kumi na tisa. Kwake, majitu yaliyovamia yalitoka Uvukeni, na waliouawa walikuwa ishirini na wawili. Kwangu, mlinzi aliyeshusha bunduki asubuhi yake alikuwa kijana wetu. Kwake, alikuwa kijana wao.

Nilimpokonya kitabu. Samahani kusema hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Na nilipokishika kwa mkono mtupu, herufi zilianza kutikisika kama uji unapotaka kuchemka. Neno Magadini likafifia, likatulia, likawa Uvukeni. Wafu ishirini na wawili wakawa kumi na tisa. Nilikitupa mezani. Tukakaa tukikitazama, hatukigusi, na baada ya kama dakika moja kikarudi kuwa cha Magadini.

"Kinapima," alisema Bwana Shemweta. "Kinasikia damu kwenye vidole."

"Kinajua mimi ni wa wapi?"

"Au kinajua unachoweza kukivumilia."

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hiyo nimeisahihisha mara mia katika vitabu vya shule na sikuwahi kuona kwamba inanihusu. Miaka mitatu tuliulizana kama tumelia kisimani, na hakuna aliyeuliza mwenzake alimlilia nani. Kila mmoja alikuwa amesoma kitabu ambacho ndani yake yeye ndiye aliyeumizwa na yeye ndiye aliyesamehe. Hakuna hata mtu mmoja katika bonde zima aliyewahi kukisoma akiwa jitu.

Nilichukua karatasi ya kawaida, isiyo na uhai wowote, na penseli. Bwana Shemweta alisoma bila kugusa, akifunua kurasa kwa ncha ya rula, nami nikanakili. Nilikuwa naandika haraka, kichwa changu kikiwa kwenye tahajia, mpaka aliposoma hivi: "'Lenye kiraka cha kijani begani likapiga mara mbili. Mwanamke aliyeshika ndoo hakuiachia.'"

Mkono wangu ulisimama.

"Nirudie?" aliuliza.

"Hapana. Nimepata."

Kaka yangu Righa alikwenda vitani na koti la baba lililotoboka begani. Mama hakuwa na kitambaa cha rangi yake, kwa hiyo alikata kipande cha pazia la jikoni, la kijani, akakishona kwa mishono midogo midogo. Righa aliturudia mara mbili kwa likizo. Alisema kazi yake ni kulinda pampu. Mara ya tatu alirudishwa kwenye sanduku, na Mama amekuwa akisema tangu siku hiyo kwamba mwanawe hakumuua mtu.

Nilijiambia viraka vya kijani ni vingi. Kisha nikamtazama Bwana Shemweta kwa jicho la pembeni, nikijiuliza kama amesoma kiraka hicho kwenye ukurasa au amekitunga kwa kuwa mtu fulani amemweleza habari za nyumba yetu. Hivyo ndivyo nilivyo. Niliinamisha kichwa mpaka pua yangu ikakaribia karatasi, nikajisomea mwenyewe. Kilikuwepo.

Mchana wa siku hiyohiyo nilipanda kwenda kwa Daktari Kokugonza, mkuu wa Idara. Sikumtaja Bwana Shemweta. Nilisema tu kwamba nimeshika nakala mbili na ninajua.

Nilitegemea akane. Akaniwekea kiti.

"Nilijua ni wewe utakayegundua," alisema. "Yule aliyetaka 'likaja' mara tatu."

"Nani alikiandika kitabu hiki?"

"Watu elfu thelathini. Baada ya miaka minane ya vita tulikuwa na ushuhuda wa watu elfu thelathini, wa pande zote mbili, waliosimulia kila mtu lililomkuta. Tuliulisha mtambo wa kutunga hadithi. Ukatunga. Humo hamna neno la uongo hata moja, Bi Wakesho. Kila kisima, kila ndoo."

"Kila kiraka?"

Alinitazama kidogo. "Kila kiraka. Kilichofanyika ni kugawa tu. Karatasi inasikia mapigo ya moyo ya msomaji. Mtu anayeweza kubeba kilo mbili za ukweli hapewi tano. Tulijaribu mwanzoni kuwapa watu wote kitabu kizima, wangapi wameua na wangapi wameuawa. Unajua walifanya nini? Walikichoma. Kijiji kizima kilikichoma, kisha kikaenda kuvamia."

"Na huu ukungu wa karatasi?"

"Hakuna ukungu."

Alisema hivyo bila aibu, na nikamheshimu kidogo kwa ajili hiyo, jambo lililonifanya nimshuku zaidi.

"Mimi nilikuwa mwalimu," aliendelea. "Darasa langu lilikuwa na watoto thelathini na sita. Vita vilipokwisha walibaki saba. Sasa ni miaka mitatu, bonde zima, hajazikwa mtoto mwenye jeraha la risasi. Hayo waliyosoma unaweza kuyaita uongo, lakini yamefanya kazi ambayo ukweli ulishindwa. Ukiweka sahihi kesho, keshokutwa visima vinakuwa vya wote na watu wanarudi kwenye nyumba zao. Ukikataa, utawarudishia nini?"

Nilipekua kichwani jibu la kumpa. Ninapenda sana kuwa na jibu tayari.

"Vikombe," nilisema mwishowe. "Ijumaa watakuja wote na vikombe. Wamesamehe wote, na hakuna anayejua kwamba anapaswa kuomba radhi."

"Tumeliona hilo. Idara itaweka mapipa katikati ya daraja. Maafisa wetu watammiminia kila mtu."

"Mtamiminia kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya amani."

"Daktari, maji yasiyomiminwa na mkosaji ni maji ya kunywa tu. Watakata kiu na kurudi nyumbani. Halafu siku moja, baada ya mwaka au miaka kumi, mtu wetu atamsikia mtu wao akisema kwamba sisi ndio tuliovamia kisima, na ataona kwamba amedanganywa mara mbili, na adui na rafiki. Hapo mtamwambia nini?"

"Hapo," alisema, "watoto wa leo watakuwa wakubwa, na wamekwisha oleana."

Sikuweza kusema amekosea. Hilo ndilo lililonichoma njia nzima ya kurudi. Kabla sijaondoka nilimuuliza yeye mwenyewe husoma nakala ya upande gani. 

"Sikisomi," alisema. "Ninaogopa kuona kitanipa nini."

Alinisukumia ile hati ya kutiwa sahihi. Niliisoma ikiwa juu ya meza: "Nathibitisha kwamba nakala hizi mbili ni kitabu kimoja, neno kwa neno." Nilipoichukua mkononi ili niitie mkobani, nikasoma tena kwa mazoea. Sasa ilisema, "Nathibitisha kwamba nakala hizi mbili zina roho moja." Ilikuwa imechapwa kwenye karatasi hai. Nilimtazama daktari, naye alikuwa anatazama dirishani.

Alhamisi

Mama alikuwa amekaa kibarazani, kitabu mapajani, kikombe kipya kikikauka kwenye ukuta mdogo wa mawe. Ana miaka sabini na minne, na anasoma ukurasa mmoja kila asubuhi baada ya uji. Akimaliza kitabu anakianza upya. Nilikaa chini kwenye mkeka, karatasi za penseli zikiwa ndani ya mkoba. Kwa saa yangu zilibaki saa nne kufika saa sita ya kutia sahihi.

"Hujalala," alisema bila kuinua macho.

"Nimelala, Mama."

"Hujalala. Unanuka penseli."

Nilimwomba anisomee ukurasa wa 811. Alifurahi, huwa simwombi. Aliufungua bila kuutafuta, akaweka kidole kwenye mstari, kama anavyofanya siku zote, akasoma kwa sauti yake ya kanisani: "'Mlinzi kijana, mwenye kiraka cha kijani begani, aliinua bunduki. Jitu lilitoka ndani ya moshi, likaja, likaja, akaja. Mlinzi akashusha bunduki.'" Akafunga macho. "Nimekwambia miaka yote hii, na wewe unacheka chinichini. Kitabu hiki kinamjua mwanangu."

Ni kweli nilikuwa nacheka. Nilidhani kiraka anakiongeza mwenyewe kwa sababu ya uzee na huzuni, kwani nakala yangu haina kiraka. Niliomba kitabu. Nilikiweka kwenye mkeka na kusubiri, kisha nikaushika ukurasa kwa rula. Mlinzi kijana aliinua bunduki, basi. Kiraka kilikuwa kimekwenda zake.

Sikumwonyesha hilo. Nilikaa nikihesabu njia. Ningeweza kumwacha na mlinzi wake aliyeshusha bunduki, nikaenda nikatia sahihi, na kesho akanyoosha kikombe chake, akanywa maji ya Idara, akafa siku yake ikifika akiwa na amani. Nani angepungukiwa? Nilimwona mwanamke mwenye ndoo. Kule chini kuna mtu, pengine bintiye, pengine mamaye, ambaye naye amesugua kikombe chake kwa wiki nzima.

Nilikuwa na hasira na daktari, na Righa, na mtambo, na hasa na kitabu, kwa sababu nilikipenda. Miaka mitatu nililiamini jambo moja tu, kwamba mtu akisoma vya kutosha juu ya mtu mwingine hataweza tena kumwita jitu. Bado naliamini. Ila sasa nilijua kwamba hakuna aliyekuwa amesoma juu ya mtu mwingine. Kila mmoja alijisoma mwenyewe.

"Sema," Mama alisema. "Unavyokaa hivyo ndivyo ulivyokaa siku uliyoniletea habari ya Righa."

Basi nikamwambia. Nilianza na vitabu viwili, nikaja kwenye vidole na mapigo ya moyo, nikamaliza na vikombe. Aliuliza maswali machache, na yote yalikuwa ya maana. Aliuliza kama wao wana watu waliouawa kisimani. Nikasema ishirini na wawili. Aliuliza kama hao ni wa kutungwa. Nikasema hapana.

"Na hizo karatasi zilizo mkobani?"

"Nimenakili ukurasa wao."

"Zinabadilika?"

"Hizi ni karatasi za kawaida tu, Mama. Ukizishika zinabaki vilevile."

"Basi nisomee."

"Mama, si lazima."

"Nimekuzaa mimi. Soma."

Nilisoma. Sikulainisha neno, kwa kuwa ningelainisha moja ningekuwa mtambo. Nilipofika kwenye kiraka nilisimama, nikarudi nyuma, nikasoma sentensi nzima upya. "Lenye kiraka cha kijani begani likapiga mara mbili. Mwanamke aliyeshika ndoo hakuiachia."

 Mitambo ya mvuke ilipumua kule juu na jirani yetu akapita barabarani akiimba. Nilisubiri alie, au aniambie kwamba watu wa Magadini ni waongo, au aniulize kama viraka vya kijani si vingi. Nilikuwa nimejiandalia majibu yote matatu.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Umesema 'likapiga'."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sahihisha."

Sikumwelewa. Nilianza kumweleza kwamba siwezi kubadili nakala ya watu, kwamba huo ni ushuhuda wao, kwamba wanavyotuita ndivyo nasi tulivyowaita. Alinyanyua mkono nikanyamaza.

"Jitu halikuzaliwa," alisema. "Jitu halina mama, halina aliyelishonea koti. Jitu likiua, limeua, yamepita, kama mafuriko tu. Nani atamwendea yule mwanamke kuomba radhi kwa niaba ya mafuriko?" Maneno yalitoka moja moja, yamenyooka. "Lile pazia nililikata mimi. Nilimvalisha mtu. Mtu ndiye aliyepiga. Wewe si ndiyo kazi yako? Sahihisha."

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na hakuna mwandishi, mhariri wala mkuu wa Idara aliyewahi kunionyesha kosa ambalo mimi nililipita. Nilitoa penseli. Nikaikaza rula kwa goti.

Hati ya daktari niliigeuza uso chini na kuiacha kwenye mkeka. Nilichukua karatasi ya kawaida, nikaandika tarehe, nikaandika kwamba mimi, Wakesho, msahihishaji wa Uvukeni, nimezilinganisha nakala mbili za Vizazi Vitano na si kitabu kimoja, na kwamba orodha ya tofauti itasomwa kwa sauti darajani kesho, ukurasa kwa ukurasa, kila upande ukisomewa wa mwenzake. Sikujua kama Bwana Shemweta atakubali kusimama nami. Sikujua kama tungeufikia hata ukurasa wa pili kabla ya bunduki. Niliogopa, na bado naogopa ninapoandika haya.

Kisha nikaandika la kwanza, kwa utaratibu wetu wa siku zote. Ukurasa wa 811, nakala ya Magadini, mstari wa tisa: badala ya "likapiga", isomeke "akapiga".

Mama alikuwa ameinama begani kwangu anafuata kwa kidole, juu ya karatasi isiyobadilika.

"Akapiga nani?" aliuliza. "Mtu ana jina."

Nilifuta kwa mpira, nikaandika upya.

Isomeke: "Righa akapiga."